Ati ulipe elfu tano websaiti yako "ipelekwe" Google

Ami yangu ana duka la leso Biashara Street, Mombasa. Juzi kanionyesha meseji ya jamaa mmoja, ati kwa elfu tano atamsajilia websaiti yake kwenye sechi injini 500, yaani mitambo ya kutafutia vitu mtandaoni kama Google, na wateja wataanza kumiminika. Ami ashatoa simu atume M-Pesa. Nikamwambia ngoja kwanza ami, hebu nitajie tano tu unazozijua. Akasema Google. Akawaza weee, akasema Yahoo. Basi.

Na hiyo Yahoo yenyewe majibu yake mengi yanatoka Bing, sechi injini ya Microsoft, miaka mingi sasa. Hizo zingine ziko wapi? AltaVista, sechi injini ya zamani, ilifungwa 2013, ile orodha ya websaiti ya Yahoo ikafungwa 2014, DMOZ, orodha nyingine kama hiyo, nayo 2017, na hata Google ile fomu yao ya zamani ambayo mtu yeyote alikuwa anabandika anwani yake pale waliiondoa 2018. Kwa hivyo anayekuuzia 500 anakuuzia makaburi.

Wengine wanaamini usipojisajili Google hawatakujua kabisa. Si kweli. Google ina roboti yake, inaitwa Googlebot, kazi yake kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine ikifuata linki, kwa hivyo ikiwa kuna mahali panapojulikana pamekuwekea linki itakufikia tu siku moja. Kujisajili kunasaidia ukiwa mgeni na hakuna anayekutaja. Na ni bure! Unafungua akaunti ya Google Search Console, unathibitisha websaiti ni yako kwa kubandika kodi (code, yale maandishi ya kompyuta) wanayokupa, unawapa saitimapu yaani ile orodha ya kurasa zako zote, na ukiwa na ukurasa mpya wa haraka unabandika anwani yake pale juu unaomba waupitie. Bing nao wana yao, Bing Webmaster Tools, bure vilevile.

"Nimetuma jana mbona leo sijioni?" Yaweza kuwa siku kadhaa, yaweza kuwa wiki kadhaa, na kubonyeza ombi lilelile mara kumi hakuharakishi kitu. Tena Google wenyewe wanasema hawaahidi kuuingiza kila ukurasa. Na hakuna hela ya kuwapa wakupandishe kwenye majibu ya kawaida, hata ukinunua matangazo kwao, yale ni matangazo na haya ni majibu, vitu viwili mbalimbali.

Sasa turudi kwa ami maanake hapo ndipo penye kichekesho. Nikaandika kwenye Google site: kisha anwani yake bila nafasi katikati, hii inakuonyesha kurasa zako ambazo Google inazo. Hakuna hata moja! Websaiti ina miaka miwili. Nikaingia ndani, ni ya WordPress, programu ya kujengea websaiti, kwenye mipangilio kuna kisanduku kimoja ukikitia tiki unaziambia sechi injini zisiiorodheshe websaiti hii. Fundi alikitia tiki wakati anajenga, ambayo ni sawa, mtu hataki kuonekana kazi haijaisha, lakini akamaliza akachukua pesa zake akaenda zake na tiki ikabaki. Miaka miwili ami analipia anwani huku mlangoni pameandikwa msiingie. Angesajiliwa hata kwenye sechi injini elfu moja isingesaidia kitu. Nikatoa tiki, nikatuma saitimapu, siku ya tisa ukurasa wa kwanza ukatokea.

Ukatokea, lakini hakuna aliyekuja. Hii nayo ni dhana nyingine, na naona ndiyo kubwa kuliko zote, kwamba ukishaorodheshwa wageni watakuja wenyewe. Ukurasa wa ami ulikuwa picha moja kubwa kama bango la harusi, maneno yote yamo ndani ya picha, na chini yake "karibuni kwa bidhaa bora". Hebu niambie, nani anakaa akatafuta "bidhaa bora"? Mtu anaandika kisutu cha harusi, anaandika leso za jumla Mombasa. Na leso ina bahati ambayo nguo nyingine hazina, ina jina, limechapwa palepale! Mwanamke ameona leso harusini Majengo, jina limemkaa kichwani, akifika nyumbani anaandika lile jina kwenye simu. Kama ami hakuliandika popote, kwa maandishi si kwa picha tu, ataonekanaje?

Fundi badala yake alikuwa amejaza maneno yaliyofichwa ndani ya kodi, pale pa "keywords" ambapo mgeni haoni, leso leso leso Mombasa hoteli Diani, sijui hoteli za nini na yeye anauza nguo. Google walisema tangu 2009 kwamba hayo maneno ya "keywords" hawayatumii kupanga majibu. Kazi bure.

Kwa mwenye duka kama yeye mimi ningeanza na ramani hata kabla ya websaiti. Mgeni ametoka Fort Jesus anatafuta leso karibu, kinachomjia ni maduka ya kwenye ramani ya Google, na kujiweka pale pia ni bure, watataka tu uthibitishe kwamba duka ni lako. Akikupigia mtu ati ulipie ndio ubaki kwenye ramani, kata simu.

Ami hakutuma ile elfu tano. Saa hizi amefika leso ya 41, shangazi anamsomea majina naye anachapa kwa kidole kimoja, na wanabishana kama jina liandikwe vile lilivyochapwa kwenye leso au vile watu wanavyoliandika kwenye simu. Nimewaambia wekeni yote mawili.