Moto mlimani, moshi Moshi: maswali na majibu

Mlima Kilimanjaro uliwaka Oktoba 2020, ukawaka tena Oktoba 2022. Kila kiangazi kinapokolea kabla ya vuli, maswali haya hurudi.

Setilaiti inauonaje moshi?

Picha ya mchana huonyesha utando wa kijivu unaoanzia mahali pamoja na kutawanyika kufuata upepo. Wingu halina chanzo cha namna hiyo. Moto wenyewe hunaswa na vihisi vya joto, hata usiku. Setilaiti ya NOAA-20 hupita yapata saa saba na nusu mchana na saa saba na nusu usiku. Ramani ya NASA iitwayo FIRMS hutazamwa bure kwa simu, na alama nyekundu ni penye moto, si penye moshi. Wengi huchanganya hapo.

Picha ilionyesha moshi unaelekea Rombo, mashariki mwa mlima. Mbona usiku tumekohoa sisi wa Kibosho, kusini?

Mchana jua hupasha miteremko, hewa ikapanda. Usiku hewa ya juu mlimani hupoa, huwa nzito, hushuka mabondeni na moshi wake. Picha ya saa saba mchana haikuambii hali ya saa kumi alfajiri, na gizani kamera ya kawaida haioni moshi. Tena hutazama kutoka juu: moshi ulio kilomita tatu juu ya paa lako na ule unaoingia sebuleni huonekana karibu sawa. Mlima ukijifunika mawingu, kama ilivyo desturi yake, hauonekani hata huo moshi. Kwa hiyo ramani itazame, lakini pua yako iamini zaidi.

Moshi unadhuru nini hasa?

Chembe za moshi zisizozidi mikromita 2.5 hufika ndani kabisa ya mapafu. Shirika la Afya Duniani linashauri wastani wa chembe hizo hewani kwa saa 24 usizidi mikrogramu 15 kwa kila mita ya ujazo. Wenye pumu, wagonjwa wa moyo, wajawazito, wazee na watoto huumia kwanza.

Nifunge madirisha?

Ndiyo, ila si kama jiko la mkaa au kuni linawaka ndani. Ushauri wa "jifungie ndani" umetoka kwa watu wanaopikia umeme. Mkaa kwenye chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu, nayo huua. Jiko lipelekwe barazani, upike hewa ikiwa nafuu, ndipo ufunge.

Bibi analowesha kanga na kujifunika pua. Inasaidia?

Majivu itazuia, chembe ndogo hapana. Barakoa ya N95 inayobana vizuri usoni ndiyo inayofaa.

Niende hospitali lini?

Mtu akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, midomo ikigeuka bluu, kifua kikibana, au mbavu za mtoto zikibonyea anapovuta hewa. Mwenye pumu ambaye dawa yake ya kuvuta haimpi nafuu naye apelekwe, hata kama ni usiku wa manane.