Vyuma vyote vikiwa nyuzi 100 havibebi joto sawa jamani

Watu wengi wanaamini ukichemsha kipande cha alumini na cha risasi (lead) kwenye sufuria moja, uzito sawa, basi vinabeba joto sawa, na wengine wanasema risasi ndo inabeba zaidi kwa vile ni nzito. Sio kweli kabisa!

Chukua vikombe viwili vya povu vile vyeupe, kimoja ndani ya kingine, mfuniko na themomita, hiyo tayari ni kalorimita, yaani kifaa cha kupimia joto. Weka maji gramu 200 yenye nyuzi 25, tumbukiza alumini gramu 100 iliyotoka kwenye maji yanayochemka, koroga, maji yanapanda karibu nyuzi 7. Rudia kwa risasi, yanapanda kama 1 tu!

Kilo ya alumini inahitaji kama jouli 900 (jouli ni kipimo cha nishati) kupanda nyuzi moja, shaba 385, risasi 128. Atomu za risasi ni nzito mno, kwa hiyo kwenye kilo zinakuwa chache, na wanasayansi Wafaransa Dulong na Petit walishaona mwaka 1819 kwamba kila atomu inabeba joto karibu sawa.

Ila kabla ya kutumbukiza chuma, kung'uta kwanza matone ya maji ya moto yaliyobaki juu yake, hayo yanaharibu vipimo sana hasa kwa risasi.