Obama, Springfield na kitufe cha "nipo"

Kuna makosa mawili watu huyarudia kuhusu useneta wa Obama. Kwanza tuondoe lile dogo, la kudhani ulianzia Washington. Januari 1997 Barack Obama hakuapishwa Washington. Aliapishwa Springfield, makao makuu ya Illinois, akiwa mmoja wa maseneta 59 wa bunge la jimbo. Washington alifika Januari 2005. Katikati hapo alikuwa mbunge wa muda tu: kikao kikiisha anarudi Chicago kufundisha sheria ya katiba chuoni. Basi, tusonge.

Linalonichosha mimi ninayeandika miswada ya bunge la kaunti ni lile jingine, na waliletao ni watu waliosoma, mawakili wenzangu kabisa: eti huko Springfield Obama "alisusia kura mara 129", kumbe mwoga.

Hakususia! Seneta wa Illinois ana vitufe vitatu: ndiyo, hapana na nipo. Mara 129 hivi, kati ya kura kama 4,000, alibonyeza nipo. Sasa sisi Wakenya tumezoea Kifungu cha 122 cha Katiba: jambo la kawaida bungeni huamuliwa na wingi wa waliopo na kupiga kura. Ukikaa kimya umejitoa kwenye hesabu. Illinois sivyo. Katiba yao inadai wingi wa wajumbe wote waliochaguliwa, yaani 30 kati ya 59 katika Seneti, awepo nani asiwepo nani. Mswada ukipata ndiyo 29, hapana 4 na nipo 26, umekufa. Soma tena: 29 kwa 4, na umekufa. Kwa karani anayejumlisha, nipo na hapana uzito wake ni mmoja.

Mbona basi asibonyeze hapana? Kwenye miswada ya kuavya mimba, Planned Parenthood wa Illinois, shirika linalotetea haki ya kuavya mimba, walieleza baadaye kwamba walikubaliana na wabunge marafiki wabonyeze nipo kwa pamoja, ili wenzao wenye wapiga kura wagumu wapate pa kujificha. Na wakili naye ana ugonjwa wake: lengo la mswada analitaka, ila kifungu cha tatu anaona hakitapona mahakamani. Kitufe hicho ndicho chake.

Ila hesabu yangu haitibu kila kidonda. Mwaka 1999 ulikuja mswada wa kuwashtaki kama watu wazima vijana wa miaka 15 na zaidi wanaofyatua bunduki karibu na shule. Ulipita kwa urahisi, kwa hiyo nipo yake haikuua chochote. Kuupinga kungemfanya aonekane mlegevu kwa wahalifu. Kuuunga mkono kungewaudhi wapiga kura wengi weusi. Hillary Clinton na John Edwards, wapinzani wake katika mchujo wa urais wa Democratic, walipombana kuhusu kura hizi Januari 2008, sidhani walikuwa wanamsingizia tu.

Lakini mwoga? Huyu ndiye ambaye mwaka 1996 akiwania kiti cha Springfield, timu yake ilikagua moja moja sahihi za wapiga kura kwenye fomu za kugombea za wapinzani wake, hata Alice Palmer, aliyekuwa akikishikilia kiti hicho, akajitoa na wengine wakaenguliwa. Mchujo wa Democratic akaupita peke yake. Mtu wa aina hiyo anajua kila kitufe kinafanya nini.

Sheria yake inayotajwa zaidi, ya 2003 ya kurekodi mahojiano ya washukiwa wa mauaji, polisi na waendesha mashtaka waliianza kwa kuipinga. Akakaa nao, akarekebisha, ikapita Seneti bila hapana hata moja, na Illinois ikawa jimbo la kwanza kutunga sheria ya namna hiyo. Wasifu wake mwingi husimulia hapo kipaji cha kupatanisha. Sawa. Ila Seneti ilikuwa mikononi mwa Republican hadi Januari 2003, na ilipohamia kwa Democratic, Emil Jones wa chama hicho akawa Rais wa Seneti na kuanza kumpa miswada mizito. Mimi humpa Jones sifa kubwa kuliko anayopewa. Mswada uleule, wakili yuleyule, ungeletwa 2001, nadhani ungeozea kamatini.