Je, Wajua kwa Nini Mahakama Hufuta Ajira ya Upendeleo Lakini Haimpi Mlalamikaji Kazi Hiyo?

Mwombaji aliyeachwa kwa hila katika ajira ya serikali hufungua kesi akitumaini kutoka mahakamani na barua ya kuajiriwa. Mara nyingi, hata akishinda, hutoka na amri ya kwamba usaili urudiwe, jambo linalowakera wengi, ingawa lina sababu yake.

Sheria huikabidhi tume ya utumishi au wizara, si jaji, mamlaka ya kuchagua watumishi. Katika mapitio ya mahakama jaji hapimi nani alijibu vizuri zaidi kwenye usaili, bali huangalia kama chombo kilichoajiri kilikuwa na mamlaka hayo, kama kilifuata utaratibu kilioutangaza, na kama uamuzi wake haukuwa wa upendeleo au usio na mantiki kabisa. Zaidi ya hayo, mlalamikaji huenda si yeye pekee aliyedhulumiwa. Akipewa nafasi kwa amri ya mahakama, wenzake walioenguliwa kwa hila ileile watakuwa wamedhulumiwa mara ya pili.

Mfano mzuri ni kesi ya A. K. Kraipak iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya India mwaka 1969. Bodi ya kuchagua maofisa wa huduma ya misitu ilikuwa na mjumbe ambaye yeye mwenyewe alikuwa akiwania uteuzi. Jina lake lilipojadiliwa alitoka nje, lakini alirudi na kushiriki kuwajadili washindani wake, na orodha ilipotoka jina lake lilikuwa la kwanza. Serikali ilijitetea kwamba uamuzi wa mwisho ulipitia tume nyingine. Mahakama ilikataa utetezi huo, ikasema kwamba uwezekano wa upendeleo unatosha bila hata kuthibitisha kwamba ulitokea, kisha ikafuta uteuzi wote. Hawakuteuliwa waliolalamika, kilichoondolewa ni matokeo ya bodi yenye doa.

Amri ya kutengua uamuzi ndiyo iliyotumika hapo. Ipo pia amri ya kuzuia, na ipo ya kulazimisha, ambayo humtaka mwajiri atimize wajibu wake bila kumwelekeza amchague nani. Hali hubadilika pale sheria isipomwachia mwajiri hiari yoyote, kwa mfano inaposema aliyeongoza kwa alama ndiye atakayeajiriwa. Hapo mahakama inaweza kuagiza aajiriwe, kwa kuwa hakuna uamuzi uliobaki wa kufanywa.

Kwa maoni yangu, kesi nyingi huharibikia nje ya mahakama, kwa kuchelewa. Nchini Uingereza maombi ya mapitio hutakiwa kuletwa haraka, na kwa kawaida yasizidi miezi 3. Nchi nyingine zina ukomo wake. Kwa hiyo anayeshuku hila ahifadhi tangazo la kazi lenye sifa zilizotakiwa, aombe alama zake na sababu za kuachwa kwa maandishi, akate rufaa ya ndani iwapo ipo, na aombe zuio la muda kabla aliyeteuliwa hajaapishwa au kuripoti kazini.

Palipo na ubaguzi, kwa mfano wa jinsia, dini au ulemavu, njia ni nyingine. Katika Umoja wa Ulaya, mlalamikaji akionyesha mambo yanayoashiria ubaguzi, ni mwajiri anayepaswa kuthibitisha kwamba hakubagua. Fidia nayo hukokotolewa kwa namna ya pekee, kwa sababu hakuna ajuaye kama mwombaji angeipata kazi. Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilikutana na ugumu huo mwaka 1911 katika kesi ya Chaplin dhidi ya Hicks, iliyohusu mwigizaji aliyenyimwa nafasi ya haki ya kushindania ajira 12 za jukwaani akiwa mmoja wa washindani 50. Ilikuwa kesi ya mkataba, si ya utumishi wa umma, ila hoja yake inafaa hapa: nafasi ya kushindana ina thamani hata isipopimika kwa uhakika, na pauni 100 alizopewa na baraza la wazee wa mahakama hazikuondolewa. Kwa mantiki hiyo, aliyeenguliwa akiwa kati ya wawili wa mwisho ana dai zito kuliko aliyeenguliwa katika mchujo wa maelfu.