Si kila uvimbe wa kuku ni saratani

Hapa Manyatta, Kisumu, kuku akiota uvimbe watu husema ni saratani, achinjwe au apasuliwe kwa wembe. Inaniuma, maana mara nyingi si saratani.

Jirani aliniletea kuku wake anayetaga, kifua kimefura juu upande wa kulia. Nikamwambia, "Mama, mpapase alfajiri kabla hajala." Alfajiri uvimbe ulikuwa umenywea. Kilikuwa kifuko cha chakula tu, kilichojaa mahindi. Kingebaki kigumu, tungejua kimeziba.

Vinundu kwenye upanga na usoni mara nyingi ni ndui ya kuku, inayoenezwa na mbu, nao huku ziwani hawakosekani. Uvimbe chini ya unyayo wenye kigaga cheusi kwa kawaida ni jipu. Msikimbilie wembe, tafadhali: usaha wa kuku haumiminiki, huganda kama ugali uliolala, nanyi mtabaki na kidonda tu.

Uvimbe wa saratani upo. Virusi vya ugonjwa wa Marek huuleta kwenye ini, ngozi na mishipa ya fahamu; kuku hulala mguu mmoja mbele, mwingine nyuma. Hauna tiba, ila vifaranga huchanjwa siku wanayoanguliwa. Ukiona hivyo, mwite daktari wa mifugo.