Nyota ya uzi: tundu la katikati si kosa

"Nyota huanzia katikati." Hili wengi wanaojifunza kudarizi nyota hulishika siku ya kwanza, maana ndivyo tunavyochora kwa kalamu: nukta, kisha miale. Kwenye kitambaa ni kinyume. Sindano inachomoza nje, kwenye ncha ya mwale, halafu inazama katikati. Ncha nyingine, katikati tena, hadi miale 8 itimie. Ukichomozea katikati, kila mchomo unazichambua nyuzi ulizokwisha kushona, na kufika mwale wa tano pale kati pameota manyoya. Nyota yangu ya kwanza niliishona hivyo, kwenye kitambaa cha kochi. Mama akaitazama, akauliza, "Huyu buibui?"

"Tundu likionekana, umeharibu." La hasha. Wadarizi wa Ulaya huuita mshono huu jicho la Algeria, na jicho lazima liwepo. Kila unapochomoza, vuta uzi kuelekea nje, taratibu. Nyuzi za kitambaa zitasogea na tundu litafunguka lenyewe. Aliyewahi kuinua kofia ya mkono ya Unguja au Lamu kwenye mwanga hahitaji kuelezwa, kwa kuwa pale tundu ndiyo nakshi. Kinachoumbua ni nyuma. Uzi ukikatiza nyuma ya tundu kwenda nyota ya pili, utaonekana kama unywele kwenye maziwa. Upitishe pembeni, chini ya mishono iliyokwisha kulala.

(Jina la Algeria nalo lisikupoteze. Vitambaa vya mazoezi vya Uingereza vya karne ya 17 vina herufi zilizojaa majicho haya.)

"Uzi mnene ndio unaopendeza." Piga hesabu mwenyewe: uzi wa kudarizi una nyuzi 6 zilizolala pamoja. Shona nazo zote, miale 8, na nyuzi 48 zinagombea tundu moja. Kwenye aida (kitambaa cha kudarizi chenye miraba na vishimo vya kuhesabu) ya vishimo 14 kwa inchi, chambua nyuzi 2 tu. Sindano iwe butu, kwa sababu yenye ncha kali hutoboa nyuzi za kitambaa badala ya kupita kati yake.

"Miale yote ilingane urefu." Kuna watu huchukua rula kabisa! Ukihesabu miraba sawa kila upande, mwale wa kona lazima uuzidi wa ubavuni, na nyota inatoka ya mraba kama kigae. Inapendeza ikipangwa safu safu. Ukitaka ya kuchongoka, miale minne iliyonyooka ipe miraba 4 kila mmoja, ile ya kona ipunguze iwe 2.

Zunguka upande mmoja tu, kama mshale wa saa. Ukirukaruka, huku utavuta sana na kule kidogo, jicho litapinda, na hakuna pasi itakayolinyoosha.