Daftari la Mahudhurio na Msimu wa Dagaa

Kazi yangu ni kuwaandaa walimu wa shule za msingi hapa Mwanza. Wanachuo wetu wanapokwenda kufundisha kwa vitendo katika shule za mwambao, kuanzia Ilemela hadi visiwa vya Ukerewe, jambo la kwanza ninalotaka kuliona ninapowatembelea ni daftari la mahudhurio. Andalio la somo hufuata baadaye. Wengi hushangaa, kwa kuwa wameingia katika ualimu wakiamini kwamba mwalimu humjenga mtoto kwa yale anayoyasema mbele ya ubao. Ni kweli humjenga kwa hayo pia, lakini kwa maoni yangu wajibu wake huanza pale anapotambua kwamba mtoto fulani hayupo, akataka kujua sababu.

Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa, na taa hizo huwavuta vizuri zaidi usiku usio na mwezi. Mbalamwezi ikikolea, mitumbwi mingi hupumzika. Ndiyo maana katika shule iliyo jirani na mwalo, yaani ufuko ambapo mitumbwi hushusha samaki, mwalimu akilisoma daftari kwa makini huona wavulana wa madarasa ya juu wakipungua wakati wa giza na kurejea mwezi unapokuwa mpevu, huku baadhi ya wasichana wakichelewa asubuhi kwa sababu wako mchangani wanaanika dagaa. Mwalimu asiyelinganisha tarehe huandika kwamba mtoto ni mtoro, kisha hutafuta fimbo. Kanuni zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, na adhabu hiyo iwekewe kumbukumbu. Hata hivyo, mtoto aliyekesha ziwani akapokelewa kwa fimbo hana sababu ya kurudi tena giza likipita, na kambi ya uvuvi haimkatai.

Mwanachuo mmoja niliyemsimamia aligundua kwamba mvulana wa darasa la tano alikosa takriban somo lote la sehemu. Hakumuuliza alikuwa wapi mbele ya wenzake. Alileta darasani ndoo ya lita 20 na sado ya lita 4, akauliza sado moja ni sehemu gani ya ndoo. Kijana yule, ambaye amewahi kupima dagaa kwa vyombo hivyo hivyo, alijibu moja ya tano kabla wenzake hawajamaliza kuhesabu, na mwalimu akamwita ubaoni awaeleze amejuaje. Nilikuwa nimeketi nyuma ya darasa, nikamwona akisimama wima kuliko alivyoingia. Ushawishi wa mwalimu ninaouzungumzia ni huu: mtoto aliyezoea kuhesabiwa kama mkosaji alionekana, kwa dakika chache, kuwa anajua kitu ambacho shule inakihitaji.

Haitoshi, na sipendi kumdanganya mwalimu kijana kwamba wema wake darasani utashinda njaa ya nyumbani. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto kufanyishwa kazi usiku, lakini mara nyingi fedha inayotoka katika mtumbwi ndiyo inayonunua sare na madaftari, hata baada ya ada kufutwa. Kwa hiyo ninawashauri waende kwa mzazi bila vitisho, wakiwa na tarehe mkononi, na ikibidi wamshirikishe mwenyekiti wa kitongoji pamoja na viongozi wa wavuvi wa mwalo huo, kwa sababu mwenye mtumbwi huwasikiliza hao kuliko anavyomsikiliza mgeni aliyeripoti shuleni juzi. Nawaomba pia wapange marudio ya hesabu na Kiswahili katika siku za mbalamwezi, wakati darasa limejaa, na mada mpya zilizo ngumu wasizianze katikati ya giza.